Jozi Kumi na Moja za Wabeba Maziwa

Ramadhani 1

Daftari hili lilikuwa la mume wangu, Giyarto. Mbele kumejaa mwandiko wake: nani kaleta pikipiki, shokapu ya nani inavuja, siku gani mvua imekata barabara ya Selo. Tangu afe, miezi saba sasa, hakuna aliyeandika kitu. Nimeanza upande wa nyuma. Mbele sitaki kugusa.

Mvua tangu alfajiri. Daku nimekunywa chai tu. Nimpikie nani?

Ramadhani 2

Acha niandike kazi yenyewe, kwa faida ya atakayelikuta daftari hili.

Hapa Cepogo maziwa yanashuka mlimani kwa pikipiki, asubuhi na alasiri, madumu mawili makubwa ubavuni na pengine la tatu juu ya kiti. Shokapu za dukani hazimalizi mvua moja. Wabeba maziwa wanatengenezewa za kwao. Tunamuuliza mtu uzito wake, uzito wa mzigo wake na njia anayopita, halafu Sarjono, mdogo wa marehemu Giyarto, anachonga. Ndani mna oili na pistoni yenye visahani vyembamba vya chuma, ambavyo vinaibana oili isipite ovyo. Visahani vikizidi, shokapu inakuwa ngumu. Vikipungua, inalainika na mzigo unarukaruka.

Sarjono anaunda, mimi naamua. Kabla springi haijavishwa naibana shokapu kwenye jiliwa, nashika fito lake kwa mikono miwili na kulivuta juu kwa nguvu zangu zote huku nahesabu. La mbeba maziwa lazima lifike juu kwa nne. Likifika kwa tatu ni laini, kwa tano ni gumu. Nikisema ndiyo, inavishwa springi na kwenda barabarani. Nikisema hapana, inafunguliwa. Miaka ishirini na mbili hakuna aliyebishana na mkono wangu. Giyarto mwenyewe hakuthubutu.

Ramadhani 3

Mvua.

Ramadhani 5

Jozi ya Muhtar. Nimevuta ya kwanza, tano. Ya pili, tano na zaidi.

"Tano, Mbakyu?" Sarjono kaniuliza. Ananiita Mbakyu, dada mkubwa, ingawa ananizidi miaka miwili, kwa kuwa niliolewa na kaka yake. "Nimeweka visahani vinane, kama siku zote."

"Hizo siku zote zako hazikuwa na baridi hii. Oili inaganda. Toa kimoja."

"Haya, Mbakyu."

Katoa kimoja. Nikavuta tena, nne safi. Mwaka huu kazi ni nyingi, barabara imechimbika, kwa hiyo asubuhi yote anaunda na mimi navuta baada ya adhuhuri. Zamani Giyarto alihakikisha tumemaliza kabla ya saa nne asubuhi. Zamani kulikuwa na watu watatu.

Ramadhani 6

Jozi mbili. Zote tano. Nimesema vitolewe kimoja kimoja.

Ramadhani 7

Jozi moja, tano. Kimetoka kimoja. Mikono inauma. Mvua.

Ramadhani 9

Kaja Paryadi, yule mwenye domo, na mkewe Wiji nyuma yake. Nikamuuliza uzito.

"Wangu au wa mzigo, Bu Tum?" Bu ni mama, ndivyo wote wanavyoniita.

"Wote."

"Mimi hamsini na nane. Madumu ni kilo mia na ishirini. Huyu hapa," kamwonyesha mkewe kwa kidevu, "niandikie gunia moja la mahindi, maana akinuna anaongezeka."

"Andika na ulimi wake, Bu," Wiji akasema. "Hiyo shokapu ikivunjika, ni huo utakaoivunja."

Sarjono kacheka mpaka kashika meza. Hata mimi nimecheka, mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Paryadi anashuka na maziwa ya nyumba kumi na nne kila asubuhi, na kule juu kwao barabara ina kona ya mianzi isiyo na ukingo. Nilimwambia atapata shokapu ya kuringia.

Ramadhani 12

Ya Paryadi imekuja kwa sita. Sita! Nikamwambia Sarjono atoe visahani viwili na atie oili nyepesi zaidi. Akasimama na bisibisi mkononi kama anayetaka kusema jambo.

"Nini?"

"Hakuna, Mbakyu."

Baada ya kutoa, nne. Kwa shida, lakini nne. Jioni nimefuturu tende tatu na maji, nikalala na nguo za kazi.

Ramadhani 13

Jozi nne. Sikumbuki hata za nani. Zote zimepunguzwa.

Ramadhani 15

Muhtar karudi. Anasema pikipiki inarusha madumu, kifuniko kimefunguka njiani kikamwaga lita sita mgongoni mwake. Nimemwambia ajifunze kufunga kifuniko. Kanitazama tu, akaondoka.

Ramadhani 16

Wawili wengine. Maneno yale yale: inarusha, inarudi kwa kishindo.

Sasa nimeelewa. Ni oili. Sarjono kabadilisha muuzaji tangu kaka yake afariki, ananunua uchafu huko mjini, na oili chafu ikipata moto inakuwa maji matupu. Ndiyo maana hapa mezani ni nzito na barabarani ni nyepesi. Nimemwambia mbele ya wale wabeba maziwa wawili, sikujali. Nimemwambia Giyarto asingethubutu kutia uchafu ule kwenye chombo cha mtu.

Masikio yamemwiva mekundu. Kasema, "Muuzaji ni yule yule, Mbakyu," kwa sauti ya chini, halafu kawaomba radhi wale watu kana kwamba kosa ni lake kweli. Mtu asiyejitetea ananitia hasira kuliko mwongo.

Ramadhani 17

Hatujasemeshana. Jozi mbili. Tano na tano. Zimepunguzwa.

Ramadhani 19

Paryadi kaja peke yake, hakutania. Alivua kofia kwanza, nikajua ana neno.

"Bu Tum, samahani. Kile kitu sio."

"Sio nini?"

"Nikiingia kona ya mianzi, nyuma inanyanyuka. Haikai chini. Juzi tairi lilitua nje ya lami. Wiji ameniambia nisishuke nayo mpaka uitazame."

Ningemwambia aiache. Ningemwambia, haya, ivue tuone. Lakini alikuwa wa nne kulalamika na mimi nilikuwa na njaa, kichwa kinagonga, na Sarjono alikuwa pale ananitazama na ule ukimya wake. Nikasema, "Shida ni wewe unavyokimbia. Ukitaka kushindana nenda uwanjani, usije kunisingizia mkono wangu."

Kavaa kofia. Kasema, "Basi, Bu," akawasha pikipiki. Nilimsikia akipandisha kilima kwa gia ndogo mpaka mlio ukaisha.

Ramadhani 20

Mvua kubwa. Sikwenda karakana.

Ramadhani 22

Paryadi kaanguka.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kona ya mianzi, madumu yamejaa. Wanasema nyuma iliruka mara mbili, ya tatu ikampeleka. Mianzi ndiyo iliyomzuia asiende chini. Mfupa wa bega umevunjika na uso umechunika upande mzima. Maziwa yalitiririka barabarani mpaka kwenye nyumba ya chini.

Nilikwenda. Wiji alikuwa mlangoni anafua shati lenye damu. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Kanipa nafasi nipite, na hilo lilinichoma zaidi. Paryadi amelala, bega limefungwa, jicho moja limevimba. Kasema, "Bu Tum, safari hii sikukimbia." Nilikaa nikatazama miguu yangu.

Wakati natoka Wiji kanifuata mpaka uani.

"Kesho kutwa nitashuka mimi na maziwa," kasema. "Nyumba kumi na nne haziwezi kungoja bega lipone. Nitatumia pikipiki ya kaka yangu."

"Shokapu zake katengeneza nani?"

"Nyinyi."

Ramadhani 23

Shokapu za Paryadi ziko mezani, Sarjono kazileta na kuzivua springi. Nimevuta saa tisa alasiri: nne. Nimevuta tena: nne. Nikawaza, mkono hauna kosa, jamani, kosa liko wapi. Kila mtu ananitazama. Au nadhania tu.

Sarjono kaniambia nifuturu kwake, mkewe kapika. Sikutaka, lakini nilikosa nguvu ya kukataa. Nimekula wali, tempe ya soya, mchicha, bakuli la ndizi za tui la nazi, nikaongezewa, nikala tena. Hata sikumbuki lini nilikula vile. Nyumba yao imepakana na karakana, na wakati wa kutoka nilipita pale mezani kuchukua mwavuli wangu. Sijui kwa nini nilishika lile fito. Mazoea tu. Nikavuta.

Mbili.

Nilidhani nimekosea. Nikasukuma chini, nikavuta tena. Mbili. Lilitoka kama kijiko kwenye uji. Nikavuta la pili, mbili na kitu. Shokapu ni zile zile, oili ni ile ile, hakuna aliyezifungua. Kilichobadilika ni mimi, nimeshiba.

Nikakaa sakafuni. Siku ishirini na tatu nimekwenda kazini na kikombe cha chai tumboni na kuvuta vyuma alasiri, wakati mwili umekwisha. Chuma hakikuwa kigumu. Mimi ndiye niliyekuwa dhaifu, na kila kilichonishinda nguvu nilikiita kigumu na kuamuru kilainishwe. Sarjono aliziunda sawa, zote. Mimi ndiye niliyeziharibu, moja moja, kwa kinywa changu.

Sarjono alikuja na taa. Alifungua droo akatoa kopo, na ndani ya kopo mna vikaratasi, kila kikaratasi kimefungia visahani, kimeandikwa jina. Muhtar, kimoja. Paryadi, viwili. Majina kumi na moja.

"Ulijua?"

"Nilihisi, Mbakyu."

"Tangu lini?"

Akakaa naye sakafuni. "Tangu ya Paryadi. Sita haiwezekani. Hata lori halifiki sita."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambia nini? Kaka hajatimiza mwaka. Hupiki, hulali, umebaki na mkono huo tu. Mimi ndiye nikuambie kwamba nao umeisha?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumwomba radhi kwa yale ya oili. Nikafanya lililo baya kuliko yote mawili, nikalia mbele ya shemeji yangu. Yeye akatazama pembeni na kuendelea kushika taa.

Ramadhani 24

Asubuhi saa moja nimesimama kituo cha maziwa, wabeba maziwa wakiwa kwenye foleni ya kupima. Sijazoea kuomba. Nikasema kwa sauti, ili nisirudie mara mbili: wote waliochukua shokapu kwetu mwezi huu, jozi kumi na moja, hazifai. Kosa si la Sarjono, si la oili, si la mwendo wenu. Ni mkono wangu. Muhtar, mgongo wako ulimwagiwa maziwa na mimi.

Mmoja wa nyuma akasema, "Miaka yote hiyo tumeambiwa mkono wa Bu Tum ni mizani." Mwingine akasema, "Mizani nayo inafunga Ramadhani, kumbe." Wakacheka, na nilistahili.

"Zilete leo," nikasema.

"Leo haiwezekani, Bu," Muhtar akasema. "Nani atabeba ya alasiri? Kesho labda, kati ya saa tatu na saa tisa. Keshokutwa ndiyo kabisa usiniulize. Dereva wa lori la ushirika anakwenda kwao kwa Idi, maziwa yote ya juu yatashuka na sisi. Kila mtu dumu la tatu."

Dumu la tatu, juu ya shokapu zile. Nikamtafuta Wiji kwenye foleni. Alikuwa wa mwisho, ameshika usukani kwa mikono yote miwili, hajacheka na wenzake. Leo ndiyo alianza kushuka.

Ramadhani 25

Tuna muda wa saa sita tu kwa jozi kumi na moja, shokapu ishirini na mbili.

Saa tatu walikuwa wote barazani. Sarjono alikwishapanga vikaratasi vyake mezani. Nilimuuliza kama kurudisha visahani hakutoshi. Akasema hakutoshi. Nyingine tulibadilisha hata oili, zimetembea kilomita nyingi, na leo kila moja inaundwa upya kwa madumu matatu. Lazima ivutwe.

"Nani atavuta?" akauliza. Hakunitazama.

Mkewe ni mwembamba. Muhtar ana nguvu lakini hajui nne iko wapi. Sarjono akivuta anajua jibu kabla hajaishika, muundaji hawezi kujihukumu, ndiyo maana Giyarto alinipa mimi kazi hii. Na mimi nilikuwa nimekula daku safari hii, wali wa jana na yai, lakini nilipovuta ya kwanza kwa majaribio nilisikia mkono unatetemeka mwishoni. Wiki tatu za kujinyima hazirudi kwa sahani moja ya daku.

Nikasema, "Nipe chakula."

Baraza zima likanigeukia. Wote wamefunga. Wengine wameamka saa tisa usiku, wamekamua, wameshuka na kupanda, hawajalamba hata tone la maji. Na mimi nataka kula saa tatu na robo asubuhi mbele yao. Ningeweza kwenda ndani nikafunga mlango. Lakini nimechoka na mambo ya kufichwa kwa heshima. Siku hii nitailipa baada ya Idi, na kama kuna dhambi ni yangu, si ya anayeshuka kona ya mianzi.

Mke wa Sarjono kaleta wali, mayai mawili, na viazi. Nilikula pale pale kwenye benchi. Ilikuwa vigumu kumeza. Kijana mmoja akageuza uso. Wiji alikuja akaketi karibu yangu, akanisogezea glasi ya maji.

"Kunywa, Bu," akasema. "Ya kaka yangu iwe ya kwanza."

Tukaanza. Sarjono anafungua, anaosha, anapanga, anafunga. Mimi navuta. Nne. Vaa springi. Tatu, rudisha. Nne. Nne. Saa tano nimekula tena. Saa sita jasho linaniingia machoni, Muhtar ananipepea kwa kipande cha boksi bila kuambiwa. Jozi saba zimekwisha. Nane.

Ya tisa ni ya Muhtar mwenyewe. Nimevuta.

"Nne," nikasema. "Vaa."

Sarjono hakuichukua.

"Hapana, Mbakyu."

Sijawahi kusikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Miaka ishirini na mbili. Mikono yake ilikuwa imejaa oili, akaificha nyuma.

"Hapana nini?"

"Si nne. Umechoka. Mikono imekwisha nguvu, umevuta kwa kiuno na bado umechelewa. Hiyo ni tatu. Naomba ukae, ule, uvute tena. Sivishi springi."

Watu wote barazani wanasikia. Damu ilinipanda mpaka masikioni, najijua nilivyo. Neno lilikuwa tayari ulimini, tena neno baya. Nikamtazama. Alikuwa ameogopa kweli, mtu mzima, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

Nikakaa. Nikala viazi viwili. Nikangoja, na muda unakwenda, saa saba na nusu sasa. Nikasimama, nikashika fito, nikavuta kwa mikono tu.

Tatu.

"Rudisha kimoja," nikamwambia.

"Haya, Mbakyu."

Kuanzia hapo, kila nilichovuta nilimwangalia kwanza usoni kabla ya kusema. Mara mbili zaidi alitikisa kichwa. Mara moja alikosea yeye, mara moja mimi. Ya mwisho tumeifunga saa tisa kasoro dakika kumi.

Ramadhani 26

Mvua nyepesi. Saa kumi na mbili nilikuwa kona ya mianzi na mwavuli, upande wa juu, mahali wasiponiona. Lori halikupanda. Walishuka mmoja mmoja, madumu matatu kila mtu. Muhtar alikuwa wa nne. Nyuma ya pikipiki ilizama pale kwenye shimo, ikapanda polepole, ikatulia.

Jozi ya kumi na moja bado iko mezani kwetu, inamngoja Paryadi apone. Kwa hiyo nilikuwa nangoja watu kumi na nikahesabu tisa. Baada ya wa tisa kulikuwa na kimya kirefu, mpaka nikaanza kuteremka kwa miguu, nikijiambia maneno nisiyotaka kuyaandika. Kisha nikasikia gia ndogo. Wiji alipita taratibu, ameinama juu ya usukani, koti la mvua limemganda mwilini. Aliingia kwenye shimo. Madumu yakashuka naye, yakapanda naye, na hakuna kifuniko kilichotikisika.

Aliniona. Hakupunga mkono, maana alihitaji yote miwili. Akashuka mpaka kwenye kona ya chini, na mimi nikasimama pale mvuani mpaka sikumwona tena.